Nanasi la Bwana Belikofu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Siku hiyo nilisema uongo wa maneno matatu, na mzee niliyemwambia uongo huo akanishukuru, akaenda zake. Kaa vizuri nikueleze, maana habari yenyewe inaanzia mbali. Inaanzia kwa Mwingereza mmoja wa kale ambaye hakupata kuijua Tanga, wala Tanga haikupata kumjua yeye.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Makorora, nimemaliza shule, nimepata kazi ya ukarani wa maktaba huko juu Amani, kwenye kituo cha utafiti wa miti. Nyumbani waliona nimepata makubwa. Mimi niliona nimetupwa msituni. Baridi, ukungu, na mvua isiyojua kuchoka. Kazi yangu kubwa haikuwa kuazimisha vitabu, maana waazimaji wenyewe walikuwa wachache, ilikuwa kuvianika. Vitabu vya kule vinaota kuvu kama mkate. Basi kila jua likichungulia navitoa barazani, navipanga kwenye mikeka, nafunua kurasa moja moja, kisha nakaa kuvilinda visichukuliwe na upepo.

Ndiyo miaka ya dhiki ile. Nyinyi mnaisikia tu. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Ukiona foleni unajiunga kwanza, halafu ndiyo unamuuliza aliye mbele yako kinauzwa nini. Na kitambaa ndicho kilichokuwa adimu kuliko vyote. Wanawake wa heshima zao walijifunga kanga zilizopauka mpaka maandishi yake hayasomeki.

Katika kuvianika vitabu hivyo vya majani na mizizi, nikakuta kimoja ambacho hakikuwa cha majani. Kurasa za mwanzo zilikwisha kuliwa na mende, kwa hiyo jina la kitabu sikulijua, wala la aliyekiandika. Kilieleza maisha ya mtu mmoja, Lodi Belcroft, mkubwa wa Uingereza zama zile za wafalme wao walioitwa Joji, Joji baada ya Joji. Sijui kilifikaje pale. Nikasoma ukurasa mmoja nikiwa nimesimama, nikasoma wa pili nimekaa.

Sikukisoma peke yangu kwa muda mrefu. Palikuwa na mzee mmoja, mtunza bustani wa kituo tangu ujana wake, Mbondei wa huko huko, jina lake Mzee Mhina. Shule yake ilikuwa ya kujua kuandika jina lake tu, lakini sijapata kuona mtu mwenye hamu ya kujua kama yeye. Alikuwa akipita na ndoo yake ya mbolea, akaniona nacheka peke yangu.

“Shikamoo, Mzee Mhina.”

“Marahaba. Kitabu kinakuchekesha nini?”

Nikamwambia: kuna bwana mkubwa mmoja hapa, anatembea na nywele za bandia kichwani, nyeupe, na kila asubuhi mtumishi anamnyunyizia unga juu yake. Mzee akaweka ndoo chini.

“Unga wa kula?”

“Wa kula, Mzee. Wa ngano.”

Hakucheka. Alisimama kidogo akifikiri, na mimi nikakumbuka kuwa wiki ile dukani hapakuwa na unga wa aina yoyote. Kisha akauliza, “Na nywele zake mwenyewe zilikuwa wapi?” Nikamwambia zimenyolewa, ili zile za bandia zikae vizuri. Hapo ndipo alipocheka mpaka akashika ukuta.

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri baada ya kuswali, alikuja barazani na muhogo wake wa kuchemsha, akakaa kwenye ngazi, akaniambia, “Haya, Bwana Belikofu amefika wapi?” Ndivyo alivyolitamka jina lile, nami nikaacha kulitamka vinginevyo. Nilimsomea kwa Kiswahili nilichokuwa nakitengeneza palepale, na maneno mengine nilibahatisha, Mungu anisamehe.

Tulimfuata bwana huyo tangu kuzaliwa. Mama yake hakumnyonyesha. Alipelekwa kwa mwanamke wa kijijini anyonyeshwe huko, akarudishwa nyumbani akishajua kutembea. “Sasa akilia usiku alimwita nani mama?” Mzee Mhina akauliza. Kitabu hakikusema. Akiwa na miaka saba alipelekwa shule ya bweni ambako watoto wa wakubwa walichapwa kama wezi. Baba yake akafa, naye kijana wa miaka kumi na tisa akarithi mashamba ambayo mtu wa farasi alihitaji siku nzima kuyazunguka. Akasafiri miaka miwili kuyaona mataifa ya Ulaya, na alipofika kwenye milima ya barafu hakuivuka kwa miguu yake. Alikalishwa kwenye kiti, wapagazi wakambeba.

“Wapagazi!” Mzee akasema. “Kumbe hata huko kwao? Babu yangu alibeba mizigo ya Wajerumani kupanda mlima huu huu. Mimi nilidhani ni sisi tu.”

Alirudi na masanamu ya mawe yaliyovunjika pua, akayasimamisha bustanini. Chai yake ilitiwa sukari nyingi, nayo sukari ilitoka visiwa vya mbali, ambako watu walionunuliwa Afrika ndio waliolima miwa. Kitabu kilisema hilo kwa mstari mmoja tu, kikapita. Mzee hakupita. Alitaka nimsomee mstari ule mara tatu, halafu akaniuliza kama yupo hata mmoja wa watu wale aliyetajwa jina. Nikatafuta mbele na nyuma. Hakuwepo.

Sasa ngoja nikupeleke kwenye habari yangu mimi, maana isiwe namsengenya bwana wa watu huku nikijificha.

Mwaka huohuo nilikuwa nimeposa. Binti wa watu wa Pemba waliohamia Tanga, watu wa heshima, na mimi nilitaka nionekane. Kupata kanzu mpya wakati ule ilikuwa ndoto. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, lakini palikuwa na njia za panya. Nikaomba ruhusa ya siku chache, nikateremka, nikaungana na wenzangu, na Mdigo mmoja anayezijua njia akatuvusha porini upande wa Horohoro. Nilirudi kutoka Mombasa nimejizungushia bafta mwilini ndani ya shati, mzunguko juu ya mzunguko, nimenenepa ghafla kama mfanyabiashara, natiririka jasho. Ilikuwa bafta nyeupe, laini, ya kutosha kanzu yangu na ya baba yangu, na ikabaki ya mapazia ya chumba cha bibi harusi.

Huko Amani niliitia sandukuni. Harusi ilikuwa bado miezi mitano. Lakini unadhani ilikaa sandukuni kwa amani? Kila aliyeingia chumbani kwangu nilimfungulia. Nilimwambia anawe mikono kwanza, halafu nikamruhusu aguse ncha. Watu walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Mke wa Mzee Mhina, Bi Mwanaisha, naye alikuja. Mama yule ndiye aliyeniuguza nilipopata homa ya malaria mwezi wangu wa kwanza pale, akinipikia uji na kunifulia, na mimi si mwanawe wala si mjukuu wake. Aligusa ncha ya bafta, akasema, “Uivae kwa heri, mwanangu,” akaenda zake.

Wiki mbili baadaye Bi Mwanaisha alishikwa na tumbo ghafla. Asubuhi alikuwa anapepeta mchele. Kesho yake alasiri alikuwa amefariki.

Watu wakaanza kutafuta sanda. Dukani hapana kitu. Wakateremka Muheza, wakarudi mikono mitupu. Na mimi niliyajua hayo yote. Niliyasikia nikiwa maktabani, nikajikuta napanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Mzee Mhina alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akasema, “Mwanangu, nimekuja kwa ile bafta. Mungu akijaalia nitakutafutia nyingine kabla ya harusi yako.”

Nikasema, “Nimeshaipeleka kwa fundi.”

Sanduku lilikuwa nyuma yangu. Ningenyoosha mkono ningeligusa.

Alinitazama kidogo tu. “Ahsante, mwanangu. Basi tutaangalia kwingine.” Akavaa kofia yake, akaondoka.

Bi Mwanaisha alizikwa kwa shuka ya kitandani iliyofuliwa na kanga zake mbili. Shehe aliwaambia watu wasiumie, kwamba kilichotakiwa ni kumsitiri maiti na amesitirika. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Nilibeba kwa bidii, nikawazidi hata ndugu zake, nikakataa kupokewa. Watu wakanisifu.

Baada ya siku saba Mzee alirudi kazini. Adhuhuri nikamwona anakuja na muhogo wake, akakaa palepale kwenye ngazi.

“Bwana Belikofu tulimwacha wapi?”

Nilimwambia kitabu bado kibichi, hakijakauka. Kesho yake nikamwambia kichwa kinaniuma. Siku ya tatu nikakosa la kusema, nikakifungua. Na Mungu ana namna zake, mwanangu, maana sura tuliyofikia ilikuwa sura ya nanasi.

Kumbe kule kwao, zama zile, nanasi lilikuwa kitu cha wafalme. Halioti katika baridi. Bwana Belikofu alijenga nyumba ya vioo, akachimba mashimo, akayajaza samadi ya farasi na maganda ya miti yachachuke yatoe joto, na majiko yakawaka mchana na usiku miezi yote ya baridi. Mtunza bustani wake alilala humo humo ndani, moto usije ukazimika. Ilichukua karibu miaka mitatu. Nanasi moja likatoka.

Mzee Mhina alisahau muhogo wake. “Samadi ya farasi? Kwa nini si ya ng’ombe? Na maji waliyatia mara ngapi? Mimi nikikata kishungi cha nanasi nikakitupa nyuma ya jiko, kinaota chenyewe!” Alisogea karibu na mimi, akawa anakitazama kitabu kana kwamba ataliona nanasi lenyewe. Niliona jinsi alivyokuwa mgonjwa wa huzuni na bado anataka kujua habari za samadi, nikashindwa kumtazama.

Nikaendelea kusoma. Bwana alialika wakubwa wenzake. Nanasi likawekwa katikati ya meza juu ya sahani ya fedha. Watu wakalisifu, wakalizunguka, wakalinusa. Kisha likaondolewa, halikukatwa. Wiki iliyofuata jirani mmoja aliliazima kwa karamu yake, naye akaliweka mezani, akalirudisha. Na baridi ya mwaka ule mavuno yalikuwa yameharibika. Wapangaji wa mashamba yake walikuja mpaka getini kuomba nafaka. Wakaambiwa ghala halina kitu cha kugawa. Nanasi lilikaa mpaka likaoza katikati, likatupwa.

“Halikuliwa?” Mzee akauliza.

“Halikuliwa.”

“Na ghala lilikuwa tupu kweli?”

Nikatazama kitabu. Nikasema, “Hapana. Kilikuwemo kitu.”

Akasema taratibu, “Huyu bwana alikuwa mtu mbaya?”

Nikamwambia kitabu kinasema alikuwa mpole. Mbwa wake alipokufa alilia siku mbili.

“Basi hapo ndipo ninaposhangaa,” akasema Mzee Mhina. “Angekuwa mbaya nisingeuliza. Lakini mtu si mbaya, kitu anacho, na mwenye haja yuko mlangoni. Kinachomzuia mkono ni nini? Nimekaa nafikiri siku hizi zote, sikupata jibu. Nikasema, nitamuuliza karani, yeye anajua.”

Nikajaribu kucheka. “Mimi nitajuaje habari za Lodi, Mzee?”

“Fundi wa Muheza,” akasema, “mwenye cherehani nzima siku hizi ni mmoja tu. Ndiye aliyemwoa binti yangu, na kabla sijaja kwako nilikuwa nimemuuliza: bafta yako haikumfikia. Alikuwepo mazikoni, mwanangu. Alikuwa amesimama karibu yako.”

Kwa hiyo alijua. Alijua palepale mlangoni, kofia mkononi, maiti ya mkewe ikimngoja, na akasema ahsante. Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kwa ile ndoo. Yeye alikuwa ananitazama kama anavyoutazama mche uliokataa kushika, akitaka kujua tatizo liko wapi.

“Sikuulizi ili nikuaibishe,” akasema. “Tuko wawili tu hapa. Nataka kujua kweli. Uliponiambia haipo, wakati ule ule, ulikuwa unafikiria nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Jibu lilikuwa dogo na la aibu. Nikasema, “Nilikuwa nafikiria watu wa Pemba watasema nini wakiniona na kanzu ya zamani.”

“Hayo tu?”

“Hayo tu, Mzee.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokitafuta siku nyingi akakuta ni kidogo kuliko alivyodhani. “Kumbe,” akasema. “Mwanaisha hakunyimwa kwa chuki.” Na hapo, mwanangu, ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nililia na mimi. Nikaenda mbio chumbani, nikarudi na bafta yote, nikaiweka miguuni pake. Hakuigusa. Aliniambia mkewe hana haja nayo tena, wala yeye hataki kulala nayo nyumba moja. Lakini nikitaka, niipeleke kwa shehe, iwekwe mahali panapojulikana, na atakayefiwa aambiwe ipo.

Nikaipeleka. Haikukaa mwezi. Familia moja ya wachuma chai, Walutheri waliotoka nyanda za juu, walifiwa na mtoto wa kike. Shehe hakuuliza dini. Alinituma mimi mwenyewe niwapelekee kipande. Mama wa mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akakisugua shavuni, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Hiki ni kipya?” Nikamwambia ni kipya, hakijavaliwa na mtu. Akasema, “Basi na yeye amepata kipya.”

Nilioa nikiwa na kanzu ya kuazima ya Mzee Mhina, imekuwa rangi ya maziwa ya juzi, na urefu wake ukaishia juu ya vifundo vya miguu. Watu wa Pemba walisema? Walisema, naam, kwa nusu saa. Halafu pilau ikaja. Mke wangu aliicheka miguu yangu miaka arobaini.

Kitabu tulikimaliza, maana Mzee hakukubali kiachwe. Bwana Belikofu alizeeka na ugonjwa wa miguu, mwanawe wa pekee akatangulia kufa, na nyumba ikamwendea mtoto wa nduguye. Siku zake za mwisho alijitenga kwenye ile nyumba ya vioo kwa sababu ya joto. Kitabu kinasema hapo ndipo alipomwambia mtunza bustani akate nanasi walile wao wawili, na akashangaa kuwa ni tamu namna ile. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Mzee Mhina alifurahi sana. Hakumfurahia Lodi, alimfurahia yule mtunza bustani. “Afadhali naye alionja,” akasema.

Baadaye nchi ikafunguka. Mpaka ukafunguliwa, ikaja ile enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa, maduka ya Tanga yakajaa majora mpaka nje ya mlango, na mitumba ikamwagwa chini kama mchanga. Siku moja nilisimama dukani mbele ya bafta ile ile, imerundikwa, hakuna hata anayeitazama. Muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Sasa sikiliza nikuambie nilichotaka kukuambia. Wewe unaishi wakati wa vitu vingi, na utadhani habari yangu ni ya wakati wa uhaba. Siyo. Kila wakati una kitu chake ambacho watu wanakiweka mezani kitazamwe. Huenda chako kikawa simu, kikawa gari, kikawa cheo, kikawa hata muda wako. Mtu akija kukihitaji, na ukaona ulimi wako umekimbilia kusema hakipo, simama hapo hapo, ujiulize lile swali la Mzee Mhina: ninafikiria nini sasa hivi? Mara nyingi utakuta ni kitu kidogo mno, ni maneno ya watu ambayo hayadumu nusu saa. Ukikiona udogo wake, mkono utafunguka wenyewe.

Na mwenzako akikukosea, usianze na hukumu. Muulize, na uulize kwa kutaka kujua, si kwa kutega. Mimi nimekaripiwa sana maishani na mengi nimeyasahau. Swali lile sijalisahau.

Ukisoma habari za wakubwa pia, wa kwao au wa kwetu, usiridhike na aliyekaa mezani. Uliza nani aliyekesha na moto, na nani aliyesimama getini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe cha kukutosha na cha kumpa anayebisha hodi. Akupe jicho la kushangaa mpaka uzeeni. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu atakayekuuliza kabla ya kukuhukumu. Amin.